Ukurasa wa Fundi: Barua Zenu Kuhusu Pikipiki za Zamani za Uingereza

Katika toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu pikipiki za Kiingereza zilizobaki mikononi mwa familia za mkoa wetu wa Tanga tangu enzi za mashamba makubwa ya mkonge, na nikamwomba kila aliye nayo aniandikie. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotazamia, kutoka Ngamiani, Chumbageni, Muheza, Korogwe na hata Pangani. Nilipozisoma kwa pamoja niliona kwamba wengi wanauliza namna ya kutengeneza chombo ambacho bado hawajakijua ni chombo gani. Kwa hiyo nimetanguliza barua za utambuzi, kisha nimeingia kwenye hitilafu zenyewe. Majina ya waandishi nimeyahifadhi kama walivyoomba.

*Shikamoo Fundi. Marehemu babu yangu alikuwa karani katika shamba moja la mkonge upande wa Ngomeni, na alipostaafu aliuziwa pikipiki iliyokuwa ikitumiwa na meneja. Tangu afariki imelala bandani kwetu. Tangi limepakwa rangi mara nyingi na halina jina lolote. Fundi wa kwanza ameniambia ni Norton, wa pili ameniambia ni Triumph, nami nimeona tu kwamba ubavuni mwa injini pamegongwa WM20 na tarakimu kadhaa. Naomba unisaidie kuitambua kabla sijatuma fedha za spea nje ya nchi. (Mwalimu, Makorora)*

Marahaba, mwalimu. Umefanya vema kusoma namba kabla ya kuwasikiliza watu, kwa sababu namba hiyo inamaliza ubishi. Injini yako ni BSA M20, na herufi W iliyotangulia inaonyesha kwamba ni ya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baada ya vita zilifuata X, Y na Z. BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanza kwa kutengeneza bunduki, na ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. M20 ilitoka mwaka 1937, ikaendelea kutengenezwa hadi 1955, na wakati wa vita kiwanda cha Small Heath, Birmingham, kililipatia jeshi pikipiki zaidi ya 120,000. Vita vilipokwisha, nyingi ziliuzwa kwa raia, na si ajabu kwamba moja yao ilimaliza utumishi wake kwenye barabara za udongo mwekundu kati ya mistari ya mkonge.

Sasa ithibitishe kwa macho, kwa maana namba hueleza injini tu, nayo injini huhamishwa. M20 ina silinda moja ya cc 496, yenye kipenyo cha milimita 82 na mwendo wa pistoni wa milimita 94. Valvu zake zimesimama pembeni mwa silinda, kwa hiyo kichwa cha silinda ni bapa na hakina mitambo yoyote juu yake, na ubavuni chini kuna kifuniko kidogo cha kurekebishia valvu. Zile za jeshi zilikuwa na foki za mbele za vyuma vilivyounganishwa kama fremu ndogo yenye springi moja kubwa katikati, na nyuma hazikuwa na shokapu hata kidogo, kwa kuwa mpandaji alitegemea springi za kiti. Ukikuta foki za mabomba mawili yenye mafuta ndani, jua kwamba ama pikipiki ni ya baadaye ama foki zimebadilishwa.

Yupo ndugu mmoja anayefanana naye sana, M21, ambaye ana kipenyo kile kile cha milimita 82 lakini mwendo wake ni milimita 112, na ujazo wake ni cc 591. Kupima mdomo wa silinda peke yake hakutakusaidia. Siku utakapofungua kichwa, pima umbali ambao pistoni inasafiri kutoka chini hadi juu. Nimekutana na injini ya M20 iliyovalishwa silinda ya ndugu yake, na mwenyewe alikwisha kununua vipuri visivyomfaa mara mbili.

Namba ya fremu itafute pembeni mwa shingo ya fremu, na pia chini mbele, karibu na mahali bomba la mbele linaposhika injini. Ukikuta haifanani na namba ya injini usishtuke, kwa kuwa BSA wa miaka ile hawakuzilinganisha namba hizo kiwandani. Rangi iondoe kwa mafuta ya taa na brashi ya waya laini wa shaba, kisha sugua unga wa chaki juu ya chuma na kuufuta kwa kidole, nazo tarakimu zitajitokeza nyeupe. Tafadhali mtu yeyote asipeleke mashine ya kusagia mahali hapo. Namba iliyofutwa hairudi, na anayetaka kusajili chombo kisicho na namba atahangaika muda mrefu.

Kuhusu spea, namba za vipuri vya BSA zilianza na tarakimu mbili zilizoonyesha ukoo: nyingi za ukoo wa M huanza na 66, za miundo yao ya A7 na A10 huanza na 67, na za pikipiki yao ndogo, Bantam, huanza na 90. Lakini usidhani kwamba kila namba iliyotokeza kwenye alumini ni namba ya spea, kwani nyingi ni alama za wayeyushaji chuma. Muuzaji mtumie picha pamoja na vipimo, usimtumie namba peke yake.

*Fundi, nina gereji ndogo Barabara ya 12, Ngamiani, na kazi yangu kubwa ni bodaboda. Nimeletewa AJS ya silinda moja. Spana ya 13 haiingii kwenye nati, na ya 14 inateleza. Nilijaribu bolti mpya ya milimita 8 kwenye tundu moja, ikaingia mizunguko mitatu ikakwama. Mwenye mali ameniruhusu nipanue matundu yote na kukata hesi mpya za milimita. Je, nifanye hivyo? (Fundi kijana, Ngamiani)*

Mwanangu, weka chini hicho kifaa cha kukatia hesi mpaka umalize kusoma. Hakuna kilichoharibika bado, isipokuwa labda mizunguko ya mwanzo ya tundu hilo moja, na hiyo inaweza kusafishwa ikarudi.

Waingereza wa wakati ule hawakutumia milimita, na hata hesi zao za inchi hazikuwa za aina moja. Katika pikipiki moja unaweza kukuta aina tatu. Kwenye fremu, ekseli na sehemu nyingi za chuma kuna hesi ya baiskeli, ambayo kwa bolti za kawaida ina mizunguko 26 katika kila inchi, na pembe yake ni digrii 60. Mahali pengine kuna hesi nyembamba ya Kiingereza iitwayo BSF, yenye pembe ya digrii 55, ambayo mizunguko yake hupungua kadiri bolti inavyonenepa: 26 kwa bolti ya robo inchi, 22 kwa ile ya 5/16, na 20 kwa ile ya 3/8. Na pale bolti inapoingia kwenye alumini, mara nyingi waliweka Whitworth, hesi pana yenye mizunguko 20, 18 na 16 kwa unene huo huo, kwa sababu alumini ni laini na hesi pana hushika nyama zaidi.

Bolti yako ya 8 ilikudanganya kwa sababu 5/16 ya inchi ni milimita 7.94, tofauti ambayo jicho haliioni wala kidole hakiihisi. Hata hivyo bolti ya kawaida ya 8 husogea milimita 1.25 kwa kila mzunguko, ilhali ile ya hesi 26 husogea chini kidogo ya milimita 1. Baada ya mizunguko michache hesi mbili zinaanza kugombana. Hatari zaidi ni bolti ya 8 yenye hesi nyembamba ya milimita 1, kwa sababu hiyo inaingia mbali kabla ya kukaza, na fundi hudhani ni uchafu tu, akaongeza nguvu, akatoka na hesi yote ya alumini ikiwa imejiviringisha kwenye bolti kama utepe.

Spana nazo zina siri yake. Namba iliyoandikwa kwenye spana ya Kiingereza ni unene wa bolti, wala si upana wa kichwa cha nati kama tulivyozoea. Spana iliyoandikwa 1/4W ina upana wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3, na hapo ndipo 13 yako ilipokataa na 14 ikateleza. Ile ya 3/16W ni milimita 11.3, ya 5/16W ni milimita 15.2, na ya 3/8W ni milimita 18 na nukta kidogo sana. Kama huzipati, chukua spana ya 13 ya chuma kizuri, ibane kwenye jiriwa, uipanue kwa tupa taratibu huku ukiijaribisha kwenye nati safi, mpaka iingie bila kucheza. Ya 11 na ya 15 zifanyie vivyo hivyo. Kwa spana hizo tatu tu utafungua sehemu kubwa ya pikipiki hiyo bila kuumiza nati hata moja. Ukiletewa pikipiki ya Kiingereza ya mwisho wa miaka ya 1960 na kuendelea, pima upya, kwa sababu viwanda vilikuwa vikihamia kwenye hesi nyingine za inchi za kimataifa.

Kuilinganisha hesi hakuhitaji mashine. Chukua bolti iliyotoka kwenye tundu hilo na ile unayotaka kuiweka, zilaze ubavu kwa ubavu ili meno yaingiane, kisha ziinue kuelekea kwenye mwanga. Zikilingana, meno yatalala kimya na mwanga hautapita. Zisipolingana utaona mwanya unaokua kuelekea upande mmoja. Bolti iliyopotea mpelekee mfano wake fundi wa kukereza. Hapa Tanga bado wapo waliofundishwa na wazee wa karakana za reli na za mashamba, na hesi 26 kwa inchi ni kazi wanayoiweza.

Tundu lililokwisha kuharibika kabisa lisipanuliwe ovyo. Litobolewe kwa kipimo, livalishwe bushi yenye hesi ya asili ndani, au koili ya waya wa chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu nikiwa kijana kama wewe nilipanua matundu manne ya kifuniko cha giaboksi ili niweke bolti za milimita, ukuta wa alumini ukabaki mwembamba, na ulipopata moto ukapasuka. Kifuniko hicho ninacho hadi leo, na kila mwanafunzi anayekuja kwangu namwonyesha siku ya kwanza.

*Tangi la pikipiki yangu limeandikwa Matchless, lakini jirani anasema injini ni ya AJS. Je, inawezekana? (Mkulima wa machungwa, Muheza)*

Inawezekana kabisa, na jirani yako huenda ana jicho zuri. AJS na Matchless za miaka hiyo zilitengenezwa na kampuni moja, AMC, katika kiwanda kimoja cha Plumstead, London, na tofauti zao nyingi zilikuwa za nembo na mapambo. Kwa injini za silinda moja kuna alama moja ya kutegemewa: hadi mwaka 1951 AJS ilikuwa na magneto, yaani mtambo unaotoa cheche ya plagi, mbele ya silinda na Matchless ilikuwa nayo nyuma, na kuanzia zile za 1952 zote mbili ziliwekewa mbele. Tena AMC walikuwa na desturi nzuri ya kugonga mwaka kabla ya jina la muundo, kwa hiyo injini yenye 48/G3L ni Matchless ya cc 347 ya mwaka 1948, na yenye 48/16M ni AJS ya mwaka huo huo. Pistoni, ringi na valvu zake zinaingiliana, basi usigombane na jirani kwa ajili ya tangi.

*Bwana Fundi, BSA B31 yangu huwaka kwa kiki moja asubuhi. Nikitoka Tanga kwenda Pangani, baada ya kilomita kama 15 huanza kukohoa, kisha huzima. Nikikaa kivulini nusu saa huwaka tena, nikaenda kilomita chache ikarudia. Nimebadilisha plagi tatu na kuosha kabureta mara mbili. Fundi wangu anasema ni valvu. (Mvuvi, Pangani)*

Hii ndiyo barua niliyoifurahia kuliko zote, kwa kuwa umeeleza dalili kwa mpangilio, na ugonjwa wa namna hii hutatuliwa kwa mpangilio huo huo. Injini inayowaka baridi na kuzima moto ina watuhumiwa watatu, ambao ni petroli, valvu na umeme, nasi tutawahoji mmoja mmoja, tukianza na aliye rahisi.

Siku itakapozima tena, kabla ya jambo lolote fungua kifuniko cha tangi na usikilize. Kifuniko hicho kina tundu dogo la kupitishia hewa, na likizibwa na kutu au rangi, petroli inayoshuka huacha utupu nyuma yake mpaka inakataa kushuka tena. Ukikaa nusu saa hewa hupenya polepole na mambo hurudi sawa. Ukisikia mlio wa hewa inayovutwa ndani, ugonjwa umeupata na dawa yake ni sindano ya kuzibulia. Usiposikia kitu, bonyeza kile kibonyezo kidogo juu ya chungu cha boya la kabureta: petroli ikifurika haraka, tangi na bomba havina kosa.

Pili, bila kuwasha, kanyaga kiki taratibu. Ukihisi ule ugumu wa kawaida wa pistoni inapobana hewa, valvu zinafunga. Ukikuta mguu unashuka bila kizuizi injini ikiwa ya moto, na kizuizi kinarudi ikipoa, basi fundi wako amesema kweli, kwa maana valvu iliyoachiwa nafasi ndogo mno hurefuka kwa joto ikashindwa kukaa kwenye kiti chake.

Vyote viwili vikiwa salama, tunabaki na magneto, na kwa dalili zako ningeanza kuishuku tangu mwanzo. Magneto hujizalishia umeme wake yenyewe bila betri: koili iliyozungushwa kwa waya mwembamba sana huzunguka kati ya sumaku, pointi hufunguka kwa wakati wake, na cheche hurukia kwenye plagi. Ndani ya sehemu inayozunguka, pamoja na koili, imo kondensa, kipande kidogo kinachozuia pointi zisichome na kinachosaidia cheche iwe na nguvu. Kondensa za asili zimezeeka, na uzee wao huonekana kwanza zinapopata joto. Waya wa koili nao ulipakwa utomvu uitwao sheleki, ambao kwa joto jingi na unyevu wa pwani hulainika na kuacha umeme uvuje ndani kwa ndani. Yote mawili hutoa dalili moja, ile uliyoniandikia: asubuhi mzima, mchana mgonjwa.

Hata hivyo usikimbilie kulipia koili mpya kabla hujafanya usafi. Toa kile kishikio ambacho waya wa plagi umeingia, utaona ndani pete nyeusi inayozunguka. Vungia kitambaa safi kwenye ncha ya penseli, kiloweshe petroli kidogo, kiingize humo na umwambie mwenzako azungushe injini polepole mpaka kitambaa kitoke bila weusi. Kaboni ndogo iliyomo kwenye kishikio iwe huru kusogea kwa springi yake, na isiwe fupi kupita kiasi. Pointi zisafishe kwa msasa laini kabisa, na zikiwa wazi mwisho wake nafasi iwe inchi 0.012, yaani milimita 0.30. Plagi nayo ibane kufikia kama milimita 0.5, kwani wengi huiachia nafasi pana ya mashine za kisasa, na magneto iliyochoka haiwezi kuruka mwanya huo. Zile plagi zako tatu huenda zilikuwa nzima. Zipime kabla ya kuzitupa.

Baada ya usafi huo, endesha mpaka izime, kisha toa plagi haraka, iache kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu lake ambamo mvuke wa petroli unatoka, na upige kiki. Cheche ya buluu yenye mlio inaonyesha magneto nzima. Cheche nyembamba ya manjano, au kukosekana kwake, inaonyesha kwamba ni wakati wa kuifungua ndani. Wakati wa jaribio hilo usiache waya uning'inie hewani bila plagi, kwa sababu umeme wa nguvu ukikosa njia ya nje hujitafutia njia ndani ya koili, na hapo utakuwa umeua kilichokuwa kinaugua tu.

Ikibidi kusukwa upya, mpe kazi hiyo fundi anayetumia kondensa ya kisasa na utomvu wa kemikali usioyeyuka kwa joto badala ya sheleki. Gharama yake si ndogo. Kwa pikipiki inayopita Pangani kila wiki mimi ningeilipa bila kusita.

*Nikiiacha BSA M21 yangu wiki tatu bila kuitumia, tangi la oili linashuka, na nikiiwasha moshi unafunika mtaa mzima. Rafiki ameniletea bomba la kufungia oili. Niliweke? (Msomaji, Raskazone)*

Usiliweke. Injini yako huhifadhi oili kwenye tangi la pembeni, na pampu yake huipeleka na kuirudisha. Pikipiki ikilala muda mrefu, oili hupenya polepole kwenye pampu na kujaa chini ya krenki, nayo ndiyo unayoichoma siku ya kuwasha. Bomba la kufungia linazuia jambo hilo, lakini siku moja tu utakapowasha na kusahau kulifungua, injini itakauka na kufa ndani ya dakika chache, na nimeitwa kwenye msiba wa aina hiyo.

Kwanza toa nati ya chini na kumwaga oili iliyokusanyika kabla ya kuwasha. Kwa mashine inayolala wiki tatu hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kisha ikipata nafasi ya kufunguliwa, angalia gololi yenye springi iliyo kwenye njia ya oili baada ya pampu, ambayo kazi yake ni kuzuia oili isishuke injini inapolala. Mara nyingi kiti chake kina uchafu tu. Ipo gololi nyingine chini, kwenye bomba linalonyonya oili kuirudisha, nayo ikinata oili hairudi kabisa. Unaweza kuigusa kwa waya laini kutoka chini uone kama inacheza. Kila unapowasha, fungua kifuniko cha tangi la oili na utazame oili ikirudi kwa kudondoka. Usipoiona ndani ya muda mfupi, zima. Kwa joto la Tanga nashauri oili ya daraja moja, SAE 40 au 50, na tangi lisafishwe tope kabla ya kubadilisha.

*Niliweka betri mpya ya volti 6 kwenye Triumph, upande hasi kwenye chesisi kama gari. Sasa kipimo cha chaji kinaonyesha kinyume, na kidhibiti chaji kipya cha kielektroniki kimeungua. (Dereva, Korogwe)*

Pole sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mitambo ya umeme ya Lucas kwenye pikipiki nyingi za Kiingereza iligeuzwa ikawa upande chanya ndio unaoshika chesisi, kinyume cha tulivyozoea. Taa za kawaida hazijali, lakini kidhibiti cha kielektroniki kinajali, nacho kilikufa mara ulipokiunganisha. Amua upande mmoja, nunua kidhibiti kilichoandikwa upande huo, kisha irudishie dainamo kumbukumbu yake, yaani sumaku yake ijue upande upi ni chanya na upi ni hasi: kabla ya kuifunga, unganisha chesisi ya dainamo na ncha ya betri iliyo upande wa chesisi, na kwa waya kutoka ncha ya pili gusa mara mbili tatu, kwa sekunde moja tu, kwenye ncha yake iliyoandikwa F. Halafu washa taa injini ikiwa imezimwa. Mshale wa kipimo uelekee upande wa kutoa. Ukienda upande wa pili, badilisha nyaya mbili za nyuma ya kipimo chenyewe.

*Salaam Fundi. Nina BSA Bantam D1 ya marehemu mume wangu, ambayo wanangu wanataka kuifufua. Inawaka, lakini moshi ni mzito sana hata tukipunguza oili kwenye petroli, na oili ya giaboksi inapungua ingawa chini hapadondoki hata tone. (Muuguzi mstaafu, Chumbageni)*

Salaam dada yangu, na pole kwa msiba wa mzee. Jibu lako limo ndani ya sentensi yako ya mwisho, lakini kwanza waambie vijana wapandishe tena oili, kwa sababu kuipunguza kunaiumiza pistoni na hakutaondoa moshi huo. Kwa oili ya kisasa ya injini za aina hii mimi huanza na mililita 40 kwa kila lita ya petroli.

Bantam ilitoka mwaka 1948 ikiwa na injini ya cc 123 na gia tatu. Michoro yake ilikuwa ya DKW RT125 ya Ujerumani, iliyotolewa kama fidia ya vita, na BSA wakaigeuza kama sura kwenye kioo ili kanyagio la gia liwe kulia kwa desturi ya Waingereza. Haina valvu: mchanganyiko wa petroli huvutwa kwanza chini, kwenye nyumba ya krenki, ndipo upande juu, na hivyo nyumba hiyo lazima izibwe kabisa pande zote mbili kwa sili za mpira. Sili ya upande wa klachi ikichakaa, injini huvuta oili kutoka huko na kuichoma. Ndiyo sababu oili inapungua bila kudondoka, na moshi hautoki kwenye mchanganyiko wenu.

Sili ya upande wa pili, ule wa sumaku, ikichakaa huingiza hewa badala ya oili, nayo ni mbaya zaidi, kwa sababu injini hukimbia yenyewe bila kuvutwa, hupata joto kali na pistoni hukwama. Kwa kuwa kazi ya kuifikia sili ya klachi ni ile ile ya kufungua injini yote, wabadilishe zote mbili, na wazungushe krenki kwa mkono kusikiliza beringi kabla hawajafunga. Mahali sili inapokaa juu ya krenki pawe laini kabisa. Pakiwa na mfereji unaohisika kwa ukucha, sili mpya itavuja ndani ya wiki chache, na hapo fundi wa kukereza apasawazishe kwanza. Bomba la moshi nalo walifungue, maana baada ya kuchoma oili kiasi hicho litakuwa limejaa masizi, na injini haitapumua vizuri hata sili zikiwa mpya. Usiku wafunge bomba la petroli, ili oili iliyochanganywa isitulie chini ya kabureta na kuwasumbua asubuhi.